Kenchi Zilizokataa Kukaa

Nje ya duka la kahawa kwenye barabara ya Keele, Downsview, kati ya kinyozi na duka la matairi, kuna benchi la chuma ambalo jiji liliweka kwa ajili ya watu wanaosubiri basi. Wanaosubiri basi husimama. Benchi limekaliwa na Waswahili, na kila anayepita hapo saa kumi jioni analijua hilo. Mwezi ule wa Agosti, mwaka 2014, waliolishika walikuwa wanne. Frank wa Arusha aliitwa Chea, maana hakuna kamati iliyowahi kuundwa kanisani kwao, ya harusi wala ya msiba, ambayo hakuwa mwenyekiti wake. Nahashon wa Nyeri aliitwa Inji, yaani injinia, kwa kuwa alitengeneza kompyuta za benki na kwa hiyo aliamini anaweza kueleza kitu chochote chenye pembe. Nyaboke wa Kisii, muuguzi wa nyumba ya wazee, aliitwa Sista. Wa nne alikuwa Methodius wa Bukoba, dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala la jirani, na yeye walimwita Fundi. Katika majina yote manne, hilo ndilo lililokuwa la kweli, na siku hiyo ndilo lililokuwa linamuuma.

Alikuwa na hasira tangu Jumamosi, na sasa ilikuwa Alhamisi. Alikuwa amekula na hasira, amelala nayo, ameendesha nayo foklifti mpaka msimamizi wake akamuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Miaka kumi na minane alipaua shule na zahanati kule Kagera, na hakuna paa lake hata moja lililowahi kumwaibisha. Amefika Kanada, wamemwambia cheti chake hakisomeki. Amekaa miaka tisa akibeba makreti. Halafu kanisa likasema linataka banda la wazi nyuma, la kulia chakula cha misiba na harusi, nguzo kumi na mbili na kenchi kumi na mbili, zile pembetatu za mbao zinazobeba bati. Mhandisi akachora na kupiga muhuri, Methodius akapewa nyundo, na kwa wiki tatu akawa mtu tena. Na Jumamosi, mbele ya waumini thelathini waliokuja na viti vyao kutazama, kenchi zake zikakataa kukaa.

Hakuna aliyekuwa hajui kilichotokea, lakini kijiweni jambo halihesabiwi limesemwa mpaka lisemwe kila siku. Kreni ilikuja saa tatu asubuhi. Kenchi zilikuwa zimeundwa chini, juu ya sakafu ya zege, zimerundikwa moja juu ya nyingine, tayari. Kreni ikachukua ya juu kabisa, ikaipandisha, ikaishusha juu ya boriti mbili, na mikato iliyochongwa kwenye miguu yake ikaangukia nje ya boriti, vidole viwili huku na vidole viwili kule. Wakairudisha chini, wakachukua iliyofuata. Nayo ikakataa, ila kwa pungufu kidogo. Ya tano ilikaribia kuingia, lakini haikuingia. Saa sita dereva wa kreni akakunja minyororo yake akaondoka, na watu wakaondoka na viti vyao.

Chea alikuwa amekuja na karatasi siku hiyo. Aliiweka juu ya benchi, akaigandamiza kwa kiganja isipeperuke, na juu yake akaweka kalamu. Ilikuwa taarifa kwa kamati. Ilisema, kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba baada ya uchunguzi imebainika kuwa kosa la kenchi lilisababishwa na mkataji wa mbao, ndugu Clinton, kwa uzembe, na kwamba ndugu huyo aondolewe kwenye kazi. Palibaki nafasi ya saini ya fundi mkuu.

Clinton alikuwa kijana wa Eldoret wa miaka thelathini na moja, na mwaka mmoja tu Toronto. Ndiye aliyeshika msumeno wiki zote tatu. Jumatatu ya wiki hiyohiyo alikuwa na miadi na kampuni ya kupaua nyumba kule Agincourt, na kilichotakiwa ni barua moja ya fundi mkuu kusema mtu huyu amefanya paa na anajua. Methodius alikuwa ameahidi kuiandika. Jumamosi, kenchi ya tano ilipokataa, alimgeukia Clinton mbele ya watu wote thelathini akasema huyu ameniharibia mbao, msiniulize mimi, muulizeni yeye. Barua hakuiandika. Jumapili alimpigia simu kumwambia asirudi.

Kuhusu Clinton hakuwa na wasiwasi. Kilichomchemsha ni kwamba wale watatu walikuwa bado wanajadili, kana kwamba kosa lingeweza kuwa la mtu mwingine, kana kwamba lingeweza hata kuwa lake.

Inji ndiye aliyeanza. Alisema ametafakari, na shida ni karatasi ya mchoro. Mchoro ulitolewa kwenye printa, na printa, asipoiangalia mtu, hupunguza asilimia tatu. Methodius akamwambia kwamba hakuna fundi anayepima urefu kwa kuweka rula juu ya mchoro, vipimo vimeandikwa kwa namba. Inji akakubali upesi sana, kisha akahama. Sasa ilikuwa inchi na sentimita. Kisha ikawa kwamba banda linatazama kaskazini.

— Linatazama mashariki, alisema Methodius.

— Basi hapo ndipo shida ilipoanzia, buda.

Sista alikuwa ametoka zamu, viatu vyeupe miguuni, macho mekundu. Yeye alisema kwa sauti ya mtu anayeandika kwenye faili la mgonjwa kwamba binadamu akipimwa asubuhi ni mrefu kuliko akipimwa jioni, hilo ni jambo linalojulikana, uti wa mgongo hujikunja kwa uzito wa siku nzima. Kenchi zilitengenezwa jioni, watu wakitoka kazini. Zikainuliwa asubuhi. Asubuhi zilikuwa zimelala usiku kucha, zimejinyoosha. Na ushahidi upo, alisema, kwa sababu kila kenchi iliyofuata ilikataa kidogo kuliko ile ya kabla yake. Jua lilivyopanda, zikawa zinajikunja. Wangesubiri hadi saa tisa, zote zingeingia.

Methodius alitaka kucheka, hasira ikamzuia. Kilichomkera zaidi ni kwamba hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kila iliyofuata ilikataa kidogo kuliko ya kabla. Yeye mwenyewe aliliona, na lilimkaa kichwani siku tano kama punje ya mchanga kwenye jicho, na hakujua alifanye nini.

Chea hakutaka kupitwa. Alisema mbao zile zilitoka upande wa magharibi, kule kwenye mvua isiyokatika, na mbao za mvua zina tabia zake, hazipendi kuhamishwa. Alipoona hakuna anayepinga akaenda mbele zaidi. Aliuliza kwa nini wale wenzao wa kanisa la ghorofani, wanaotumia maegesho yaleyale, walikuwa wanaimba kwa furaha Jumapili iliyofuata. Walitaka eneo lile liwe la magari. Hakutaka kumtaja mtu, lakini kenchi zilikaa nje siku kumi na nne bila mlinzi, na ubao ukivutwa kidogokidogo kila siku na watu wanne wenye nia mbaya, unarefuka.

— Ubao haurefuki kwa kuvutwa, Chea, alisema Sista.

— Huku Kanada umewahi kuuvuta?

Methodius akapiga kiganja chake kwenye chuma cha benchi, na mwanamke mmoja mzee aliyesimama kituoni na mfuko wa nguo akageuka kuwatazama.

— Mnaniona mimi mjinga, alisema. Mnakaa hapa mnazungumza upuuzi kwa sababu mnaogopa kusema mnachofikiri. Mnafikiri ni mimi. Semeni.

Chea akasukuma karatasi upande wa Methodius kwa kidole kimoja.

— Hakuna anayefikiri hivyo, Fundi. Ndiyo maana nimeandika hii. Tia saini, tumalize.

— Nitatia. Lakini kwanza mnielewe ninavyofanya kazi, ili kesho mtu asiniletee habari za uti wa mgongo.

Na akawaeleza, kwa ukali, kama anayemsomea mtu mashtaka. Fundi wa kwao hapimi kila kenchi upya. Hupima moja tu, kwa utulivu, chini kwenye sakafu, mpaka ikae sawasawa na mchoro. Hiyo huitwa mama. Baada ya hapo mbao za kenchi inayofuata hulazwa juu ya mama, zinachorwa kwa penseli kufuata kingo zake, zinakatwa, zinapigiliwa misumari palepale. Mama mmoja, watoto wengi, na watoto wote wanafanana naye. Hivyo ndivyo alivyopaua shule kumi na tatu. Na mama wa banda hili alikuwa sahihi, hilo hakuna wa kubisha, kwa kuwa alikuwa amesimama kule juu ya boriti mpaka dakika hii na mikato yake imeingia barabara.

Hapo Sista akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alikumbusha siku ile mama alivyopandishwa. Ilikuwa Jumapili ya kwanza, kazi ya kenchi ikiwa ina siku moja tu, kenchi mbili zimekwisha. Chea alipendekeza, na wote wakaona ni jambo zuri, kwamba kenchi ya kwanza isilale chini tu kama gogo, iinuliwe kwa kamba, isimamishwe mahali pake, mchungaji aibariki, na picha zitumwe nyumbani ili ndugu waone kazi imeanza. Wanaume kumi wakavuta kamba. Sista alipika pilau. Inji alipiga picha. Methodius alikuwa katikati ya picha, mkono mmoja umeshika nguzo, na picha hiyo ilifika Bukoba kabla pilau haijapoa. Dada yake aliandika kwamba hakuwahi kumwona akicheka hivyo tangu aondoke.

Hayo yote yalisemwa kwa furaha, na hasira ya benchi ilipungua kidogo. Inji akarudi kwa Clinton tena, maana ndiko walikorudi kila walipochoka. Alisema Clinton alikuwa anakata huku masikio yake yamezibwa na waya za muziki. Chea akasema Clinton huvaa kaptula hata kanisani. Sista akasema hilo halihusiani na mbao, kisha akaongeza kwamba ni kweli lakini, huvaa.

Methodius akachukua kalamu.

— Samahani wanangu.

Alikuwa yule mwanamke wa kituoni. Alikuwa amesogea mpaka karibu na benchi, mtandio mwepesi umemwangukia mabegani, mfuko wake wa nguo mikononi. Kiswahili chake kilikuwa cha Dar es Salaam ya zamani, laini, cha taratibu, kikitoka kinywani mwa bibi wa Kihindi, na wote wanne walikaa wima kama watu waliofumaniwa.

— Nimesikia mnaongea Kiswahili, nimeshindwa kujizuia. Mimi naitwa Dolat. Nilizaliwa Upanga. Nimekuja kumwona mjukuu, nangoja basi langu la kwenda Agincourt.

Wakamwamkia shikamoo, hata Inji, ambaye kwao haimo. Sista akamwachia nafasi, bibi akakataa kukaa, basi lilikuwa linakaribia.

— Nilikuwa nakata sare za shule, alisema. Miaka mingi. Sijui mambo ya paa. Nataka kuuliza tu. Hiyo mliyoiita mama, mliipandisha juu siku ya pili. Sasa zile nyingine mlizichora juu ya nini?

Inji alifunua kifuniko cha kikombe chake akachungulia ndani. Sista aliangalia viatu vyake. Chea alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kwamba hayo ni mambo ya kamati, mama, ya ndani ya kanisa. Bibi Dolat akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akasubiri kidogo zaidi, kama mtu aliyezoea kusubiri wateja wavue nguo. Alisema yeye karatasi yake ya kwanza ya kukatia vitambaa alikuwa anaifungia kabatini, kwa sababu wasichana wake wa ushonaji wakichora sare juu ya sare, ya thelathini inamfaa baba wa mtoto. Basi likafika. Akawaaga, akapanda, na mlango ukafungwa.

Methodius alibaki na kalamu mkononi. Alikuwa anaona sakafu ya zege. Mama yuko juu, amebarikiwa, ana utepe mweupe ambao mtoto wa mtu alimfunga. Chini kuna kenchi ya pili peke yake. Jumatatu wakalaza mbao za ya tatu juu ya ya pili. Mama angekuwepo, wangeiondoa ya tatu wakaiweka kando, wakarudi kwa mama, kama alivyofanya maisha yake yote. Lakini mama hakuwepo, na kenchi ni nzito, na watu walikuwa wametoka kazini wamechoka. Wakaiacha palepale. Ya nne wakaichora juu ya ya tatu. Ya tano juu ya ya nne. Kila mara unene wa penseli ukabaki nje ya msumeno, upande huu na upande ule, unene ambao kwa kenchi moja hauonekani. Rundo likapanda mpaka ya kumi na mbili. Na kreni ilichukua kuanzia juu. Ndiyo maana ya kwanza kuinuliwa ilikuwa mbaya kuliko zote, na kila iliyofuata ikawa afadhali.

Kisha akakumbuka kitu ambacho siku tano hakutaka kikumbukwe. Jumatatu ile, kabla ya kukata ubao wa kwanza wa kenchi ya tatu, Clinton alitoa waya masikioni, akaangalia juu, akauliza: fundi, tusiishushe ile kwanza? Na yeye, Methodius, picha yake ikiwa bado inazunguka kwenye simu za Bukoba, alimwambia kenchi iliyobarikiwa haishushwi, na kwamba yeye alikuwa anapaua Clinton akiwa bado ananyonya. Wewe kata tu, alimwambia. Na Clinton akakata, mstari kwa mstari, kama alivyochorewa. Penseli ilikuwa mkononi mwa Methodius.

Hasira yake haikuondoka. Ilimgeukia, na ilikuwa nzito vilevile.

— Ilikuwa juu, alisema. Mama alikuwa juu. Tulichora moja juu ya nyingine. Clinton aliniuliza, nikamfokea.

— Fundi, alisema Chea kwa sauti ya chini, fikiria vizuri. Ukiandika hivyo, utakuwa unasema baraka ya mchungaji ndiyo iliyoharibu paa.

— Nasema mimi niliharibu.

— Na nani alipendekeza ipandishwe? Watauliza hilo pia.

— Wakiuliza nitawaambia.

Chea akanyoosha mkono kuichukua karatasi. Methodius akaiwahi. Alipiga mstari juu ya jina la Clinton, mara mbili, kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa, akaandika lake juu yake, akatia saini. Kisha akatoa simu. Sista alimwambia asubiri atulie kwanza. Hakusubiri.

Clinton aliipokea baada ya milio mingi. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mashine.

— Sema, fundi. Niko kazini.

— Kazi gani?

— Ya kufunga maboksi.

Methodius aliuliza kuhusu Agincourt, ingawa jibu alikwisha kulijua. Clinton alisema alikwenda Jumatatu bila barua. Walimuuliza nani amemwona akifanya paa, akakosa mtu wa kumtaja. Walisema watapiga simu.

— Clinton, ulisema kweli. Ile ya kwanza ilitakiwa tuishushe. Kosa ni langu.

Sauti ya mashine ilififia, kana kwamba Clinton amesogea kando.

— Nilijua hiyo Jumamosi, fundi. Tangu ya pili ilipokataa. Nilikuwa nakutazama nikisema sasa ataona, sasa atasema. Wewe ukanigeukia mimi.

— Nitaandika barua leo. Nitakwenda nayo mimi mwenyewe.

— Andika. Lakini hukunisema kwa barua. Ulinisema kwa mdomo, watu wakiwa wamekaa kwenye viti.

Methodius alitaka kumwambia kwamba kenchi kumi na moja zinahitaji kufunguliwa misumari na kukatwa upya, na kwamba hamjui mtu mwingine anayefuata mstari kama yeye. Alijua hana haki ya kulisema.

— Kuna nani hapo? aliuliza Clinton. Nasikia watu.

— Chea yupo. Inji yupo. Sista yupo.

— Jumamosi saa tatu nitakuja, alisema Clinton. Sitashika msumeno mpaka nisikie. Wote waliokuwepo wawepo.

Akakata. Methodius akaiweka simu mfukoni na kuikunja ile karatasi mara nne. Wale watatu walikuwa wanamtazama, na Chea ndiye aliyeuliza.

— Anasemaje?

— Mje na viti.